KITI CHA AFRIKA: MANENO YAMETOSHA, KURA IPIGWE

Tarehe 16 Disemba, 1963, siku sita tu baada ya kupata uhuru, Zanzibar ilipokelewa katika Umoja wa Mataifa pamoja na jirani yake Kenya, na idadi ya wanachama wa Umoja huo ikatimia 113. Siku ya pili yake, tarehe 17, katika ukumbi ule ule wa New York, Baraza Kuu lilipiga kura ya kuubadilisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, jambo ambalo halikupata kufanyika tangu Mkataba huo ulipotiwa saini mwaka 1945.

Ndugu wasomaji, khabari ya kwanza ndiyo iliyokumbukwa hapa kwetu, na inastahiki. Khabari ya pili imesahauliwa kabisa, hata na wale ambao kazi yao ni kuikumbuka. Kiti chenyewe tulichokipata hakikudumu: mwezi wa Aprili, 1964, Zanzibar na Tanganyika ziliungana, viti viwili vikawa kimoja, na tangu hapo mambo ya nchi za nje yamekuwa ni mambo ya Muungano. Hilo lina wakati wake wa kusemwa. Leo tunataka kusema juu ya kura ya tarehe 17, kwa sababu ndani yake mna dawa ya maradhi yanayowasumbua mabalozi wa Afrika mpaka hivi sasa.

Umoja wa Mataifa ulianzishwa na nchi 51, na katika hizo nchi za Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Uhabeshi, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilikuwa serikali ya watu wachache iliyomnyima Mwafrika haki yake ndani ya ardhi yake mwenyewe. Baraza la Usalama lilipewa viti 11. Vitano vilikuwa vya madola makubwa, vya milele. Sita vilikuwa vya kuchaguliwa kwa miaka miwili miwili. Mwaka 1946 huko London wakubwa wakapatana kwa maneno ya mdomo namna ya kuvigawa hivyo sita: viwili Amerika ya Kusini na ya Kati, kimoja Ulaya ya Magharibi, kimoja Ulaya ya Mashariki, kimoja Mashariki ya Kati, na kimoja nchi za Jumuiya ya Madola ya Waingereza. Afrika haikutajwa. Haikuwa na haja ya kutajwa, kwani kwa fikra za wakati ule Afrika ilikuwa ni mali ya hao waliokuwa wakigawana.

Kisha ikaja 1960, ambapo mwaka mmoja tu uliingiza wanachama wapya 17, na 16 katika hao walitoka Afrika. Mwezi wa Mei, 1963, wakuu wa nchi huru za Afrika walipokutana Addis Ababa kuunda Umoja wao, walidai pia kwamba Afrika ipate sehemu yake ya haki katika vyombo vya Umoja wa Mataifa, na hasa katika Baraza la Usalama. Dai hilo halikuachwa likae katika makabati ya Addis Ababa. Lilichukuliwa mpaka New York, likaunganishwa na dai la ndugu zetu wa Asia, likaandikwa kuwa azimio lenye idadi ya viti na mgawanyo wake: viti vya kuchaguliwa viwe kumi badala ya sita, vitano viwe vya Afrika na Asia, kimoja cha Ulaya ya Mashariki, viwili vya Amerika ya Kusini na ya Kati, na viwili vya Ulaya ya Magharibi na nchi nyenginezo. Hapana mtu aliyelisoma azimio lile akauliza: basi mnataka nini hasa?

Madola makubwa hayakulipenda. Urusi ya Kisovieti ilisema kwamba Mkataba usiguswe kabla China ya Peking haijapewa kiti chake. Wengine walisema wakati haujafika. Na hilo, msomaji wangu, ni neno ambalo kila mtu aliyetawaliwa amepata kuambiwa. Kura zikapigwa. Nchi 97 zilikubali, 11 zilikataa, na nne zilijizuia. Ufaransa ilikataa. Urusi ilikataa. Uingereza na Marekani zilijizuia. Katika wale watano wakubwa ni mmoja tu aliyeunga mkono, naye ni China ya Taiwan, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikikikalia kiti cha China.

Mtu angedhani mambo yamekwishia hapo, kwa sababu Mkataba unasema katika kifungu cha 108 kwamba marekebisho yoyote yakubaliwe na thuluthi mbili za wanachama, kisha yaridhiwe na thuluthi mbili za wanachama wakiwamo wote watano wa kudumu. Wane kati ya watano hawakuunga mkono! Azimio lilikuwa limeweka muda: kila nchi iridhie kabla ya tarehe 1 Septemba, 1965. Basi tazameni yaliyotokea. Urusi iliyokataa ndiyo iliyotangulia kuridhia katika wale wakubwa, mwezi wa Februari, 1965. Uingereza ikafuata mwezi wa Juni. China na Ufaransa zikaridhia mwezi wa Agosti. Marekani ilikuwa ya mwisho, tarehe 31 Agosti, siku moja kabla ya muda kwisha. Tangu Januari, 1966 Baraza la Usalama lina viti 15.

Vipi basi waliokataa mwezi wa Disemba wakaanza kuridhia baada ya miezi kumi na nne? Si kwa sababu ya mapenzi. Katika Baraza Kuu hakuna kura ya turufu. Kila nchi ina kura moja, iwe ni Urusi au iwe ni kisiwa kilichopata uhuru juma lililopita. Turufu ya wakubwa inakuja baadaye, wakati wa kuridhia, na wakati huo anayekataa anakataa peke yake, mchana kweupe, mbele ya mataifa 97 yaliyokwisha kusema ndiyo. Zilikuwa ni siku ambazo Moscow na Washington zilikuwa zikiwania urafiki wa Afrika, na hakuna iliyotaka kuwa ndiyo iliyomfungia Mwafrika mlango. Mchezaji wa karata anajua kwamba turufu ina nguvu zaidi ikiwa bado imo mkononi. Akishaitupa, watu wote wameiona.

Sasa tuyatazame yaliyokuja baadaye. Mwaka 1979 India na wenziwe walilirejesha shauri la viti katika ajenda ya Baraza Kuu, na likalala. Mwaka 1993 ikaundwa kamati ya kulizungumza, kamati iliyo wazi kwa wanachama wote, ambayo mabalozi wenyewe waliifanyia mzaha wakaiita kamati isiyo na mwisho. Mwaka 1997 Razali Ismail wa Malaysia, aliyekuwa Rais wa Baraza Kuu, alitoa shauri la kuongeza viti vitano vya kudumu visivyo na turufu, pamoja na vinne vya kuchaguliwa. Wakaondoka dhidi yake Italia, Pakistan na wengine wasiotaka kuwaona majirani zao wakipandishwa daraja, wakajulikana kwa jina la Klabu ya Kahawa. (Kahawa yetu ya barazani imeanzisha ugomvi mwingi, lakini haijapata kuzuia haki ya bara zima.) Shauri la Razali halikupigiwa kura.

Jaribio kubwa lilikuwa la mwaka 2005, nalo linatupasa kulizingatia kwa uchungu, kwani safari hii Afrika haikuwa mtazamaji. Afrika ndiyo iliyoshika ufunguo. Katibu Mkuu Kofi Annan alikuwa ameteua jopo la watu mashuhuri, na mmoja wao alikuwa mwana wa visiwa hivi, Dk. Salim Ahmed Salim. Jopo lilitoa taarifa yake mwezi wa Disemba, 2004 likiwa na njia mbili: ama viti sita vipya vya kudumu bila ya turufu, viwili katika hivyo vikiwa vya Afrika, pamoja na vitatu vya kuchaguliwa, ama pasiwe na kiti kipya cha kudumu, bali viti vinane vya miaka minne minne vinavyoweza kuchaguliwa tena, pamoja na kimoja cha miaka miwili. Njia zote mbili zilifikisha viti 24.

Afrika ikajibu mwezi wa Machi, 2005 kwa msimamo unaoitwa wa Ezulwini, kwa jina la bonde lililoko katika nchi ya Waswazi. Msimamo huo unadai viti visivyopungua viwili vya kudumu vyenye haki zote, na turufu ikiwamo, pamoja na vitano vya kuchaguliwa, na kwamba Umoja wa Afrika ndio utakaowachagua wa kuvikalia. Juu ya turufu maneno yake yana insafu: Afrika haiipendi turufu kwa asili yake, lakini maadam ipo, basi wapewe wote wenye kiti cha kudumu. Hatuna la kuutoa ila katika msimamo huo. Ni haki tupu.

Mwezi wa Julai, Brazil, Ujerumani, India na Japani, ambazo kila moja inataka kiti chake, zilileta azimio la kuongeza viti sita vya kudumu na vinne vya kuchaguliwa, na shauri la turufu liakhirishwe kwa miaka 15. Afrika nayo ikaleta azimio lake. Klabu ya Kahawa, ambayo sasa ilikuwa imejipa jina la Muungano kwa ajili ya Maafikiano, ikaleta la kwake, lisilo na kiti cha kudumu hata kimoja. Hesabu ilikuwa nyepesi: wale wanne walikuwa na marafiki wengi, Afrika ilikuwa na kura zaidi ya hamsini, na wote wakishikana thuluthi mbili inapatikana. Mawaziri wa pande mbili walikutana London mwishoni mwa Julai wakaanza kusogeleana. Rais Obasanjo wa Nigeria, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, aliitaka suluhu hiyo. Tarehe 4 Agosti, 2005 viongozi wa Afrika wakakutana Addis Ababa, katika mji ule ule wa 1963, wakaikataa. Maazimio yote matatu yakabaki mezani, na hakuna hata moja lililopigiwa kura.

Watetezi wa uamuzi ule wanasema kwamba Afrika ilikataa kuwa abiria wa daraja la pili. Sisi hatuwabezi. Kiti kisicho na turufu mbele ya watano wenye turufu ni kiti cha mgeni: unakaribishwa, unakunjuliwa mkeka, lakini huulizwi juu ya mambo ya nyumba. Na nani anayejua hayo kuliko sisi? Mwaka 1981 Dk. Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alikuwa amekwisha kuwa Balozi huko New York kwa miaka kumi na Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979, na kura za kutosha katika Baraza la Usalama alizipata. Marekani ikamwekea turufu, ikaiweka tena na tena, wiki baada ya wiki, ilhali China ikimwekea yake Kurt Waldheim, mpaka kazi ikaenda kwa mtu wa tatu kutoka Peru. Walisema watu kwamba Marekani haikumsamehe kwa furaha aliyoionyesha ukumbini tarehe 25 Oktoba, 1971, pale China ya Peking ilipopewa kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35. Sababu yoyote iwayo, mwana wa visiwa hivi alizuiliwa na mkono mmoja ulionyanyuliwa.

Basi turufu ni kitu cha kweli, na anayeidai hadai upuuzi. Lakini tuseme lililo kweli pia. Rai yetu ni kwamba nyuma ya bendera ya turufu, katika mwaka 2005, palijificha wivu. Viti vilikuwa viwili. Nigeria ilivitaka, Afrika Kusini ilivitaka, Misri ilivitaka, na wengine ambao hawakuwa na tamaa ya kukaa wao walikuwa na tamaa kubwa ya kumzuia jirani asikae. Ni rahisi kusimama ukasema, «Turufu, au hatutaki kitu,» kuliko kusimama ukasema, «Sitaki fulani awe mkubwa wangu.» Neno la kwanza hupigiwa makofi.

Tangu wakati huo shauri limekabidhiwa kwa kamati ya wakuu kumi wa Afrika, mwenyekiti wake akiwa ni Sierra Leone, na Kenya na Uganda zimo ndani yake. Huko New York mazungumzo baina ya serikali yalianza mwaka 2009. Mwaka 2015 mjumbe wa Jamaica aliyekuwa akiyaongoza, mtu wa kisiwa kama sisi, alijaribu kuyaweka maoni ya nchi zote katika hati moja ya maandishi ili watu wajue wanajadiliana juu ya nini. Marekani, Urusi na China hazikukubali maoni yao yatiwe ndani ya hati hiyo. Hapo ndipo penye siri. Mwenye kufaidika na mambo yalivyo haogopi hotuba hata zikiwa elfu. Anachokiogopa ni karatasi yenye vifungu ambayo siku moja itawekwa mezani na watu watakiwe kunyanyua mikono. Ndiyo maana kila mara tunaambiwa tusubiri maafikiano ya wote. Katika 1963 hayakuwapo maafikiano ya wote, na yangalisubiriwa, Baraza lingalikuwa na viti 11 hadi leo.

Atauliza mtu wa shamba au mvuvi: haya yananihusu nini mimi? Yanamhusu. Mwezi wa Machi, 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 2098 la kuunda brigedi ya kupigana na waasi mashariki ya Kongo, na askari wake wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Disemba, 2017, katika kambi ya Semuliki, askari wa Tanzania zaidi ya kumi waliuawa usiku mmoja wakiwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Wanaoandika amri wana viti vya milele. Wanaozikwa hawana hata kimoja. Kila kikao cha Baraza hilo kinachozungumza juu ya Sudan, juu ya Somalia au juu ya Kongo, ni kikao ambacho wenye mambo yao wanaingia kwa zamu ya miaka miwili kisha wanatoka, na wasio wenyeji wamebaki.

Haikosi kusemwa kwamba hali sasa ni nzuri. Kweli, maneno ni mazuri. Tarehe 12 Agosti, 2024, Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone alikiongoza kikao cha Baraza la Usalama lenyewe kilichozungumza dhulma hii iliyofanyiwa Afrika. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani ya wakati huo ilitangaza kwamba inaunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika, bila ya turufu, na kiti kimoja cha kuchaguliwa kwa ajili ya mataifa madogo ya visiwa. Tarehe 22 Septemba, 2024 Baraza Kuu likapitisha mapatano yaliyokiri kuwa Afrika imedhulumiwa kihistoria na kwamba shauri lake litangulizwe. Tunashukuru. Lakini serikali iliyotoa ahadi ile huko Washington iliondoka madarakani miezi minne baadaye, na ahadi ya serikali iliyoondoka ni kama hundi ya duka lililofungwa. Hicho kiti cha visiwa kilitajwa mara moja kikasahauliwa.

Tunataka nini, basi? Tunataka viongozi wa Afrika wafanye lile ambalo tangu 2005 wamelikwepa: wakae wenyewe, bila ya mgeni, waamue kwa utaratibu unaojulikana na kila mtu ni nchi gani zitakaa katika viti hivyo, kwa muda gani, kwa amri ya nani, na zitaondolewaje zikienda kinyume na bara. Sisi tungependelea viti viwe mali ya Umoja wa Afrika na wakaliaji wawe ni wawakilishi wake tu, kwa zamu. Nigeria na Afrika Kusini hazitafurahi, nasi hatukuombwa kuzifurahisha. Msimamo wa Ezulwini umekwisha kusema kwamba Umoja ndio utakaochagua. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na haujachagua.

Juu ya turufu, tunajua hapa kuna ndugu watakaotukasirikia. Dai liandikwe katika azimio kama lilivyo, lisipunguzwe. Likishindwa kwa kura, liandikwe la pili lenye viti peke yake na tarehe ya kulirejea shauri la turufu, nalo lipigiwe kura siku ile ile. Mwaka 2005 hatukushindwa kwa kura. Tulishindwa kwa kuogopa kuhesabiwa. Na mwenye kudhani kuwa wadogo hawawezi kuandika azimio likapita, na akumbuke kwamba mwezi wa Aprili, 2022 ilikuwa ni Liechtenstein, nchi ambayo watu wake wote hawafikii elfu hamsini, iliyoleta azimio kwamba kila turufu inapotumiwa Baraza Kuu likutane na kulijadili jambo hilo. Na likapita bila ya kupingwa.

Wajumbe wetu walioko Dodoma, wa visiwani na wa bara, wana haki ya kumwuliza Waziri wa Mambo ya Nje ni lini serikali ilitia mkono katika hati ya azimio la namna hii, na kama haijatia, kwa nini. Wanachama wa Umoja wa Mataifa sasa ni 193. Thuluthi mbili yake ni kura 129. Afrika peke yake ina 54. Zinazobaki ni 75, na katika hizo zimo nchi za Karibi, visiwa vya Pasifiki, India na Brazil na marafiki zao. Katika 1963 wazee wetu walikuwa 35, na Afrika Kusini ya makaburu ikiwa ndani ya hesabu, wakazipata 97.